Tume ya Kufundisha Utumwa na Ubaguzi Iundwe kwa Sheria, Si kwa Amri ya Gavana

Mwaka 1950 Bunge la jimbo la Virginia, Marekani, liliunda tume ya kusimamia uandishi wa vitabu vya historia vya shule. Vitabu hivyo vilitoka 1957 na vikaendelea kusomeshwa hadi miaka ya 1970. Kimoja kina mchoro ambao kila nikiuona hasira hunipanda. Familia ya Waafrika iko kwenye sitaha ya meli, imevaa nguo nzuri za Kizungu, na baba anashikana mkono na mzungu aliyekuja kuipokea. Mzungu huyo ndiye bwana wao mpya. Hakuna mnyororo, hakuna aliyekonda, hakuna anayelia. Maandishi nayo yaliwaeleza watoto kwamba maisha ya watumwa wa Virginia, kwa jumla, yalikuwa ya furaha.

Nimeanza na tume hiyo kwa makusudi. Kila unapotolewa mswada wa kuunda tume ya elimu kuhusu utumwa na ubaguzi wa rangi katika jimbo lolote la Marekani, wapo wanaosimama na kusema serikali isitie mkono wake kwenye historia. Mkono wa serikali umo humo tangu zamani. Ulishika kalamu, ukachora picha, ukalipa wachapishaji, ukawagawia watoto. Msimamo wangu ni kwamba serikali iliyotumia tume kuuficha ukweli ina deni la kuunda tume ya kuufundisha, na deni hilo haliwezi kuhamishiwa kwa makanisa, makumbusho na walimu wachache wenye moyo.

Halafu utumwa wenyewe haukuwa tabia mbaya ya matajiri wachache tu. Ulikuwa sheria. Mwaka 1662 Bunge la Virginia lilipitisha kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake: mama akiwa mtumwa, mtoto anazaliwa mtumwa, hata kama baba ni mzungu mwenye shamba. Mwaka 1669 likapitisha kwamba mtumwa akifa wakati bwana wake anamwadhibu kwa kukaidi, bwana hana kosa la jinai. Mwaka 1831 mikutano ya kuwafundisha watu weusi kusoma na kuandika ikafanywa haramu. Utumwa ulipokwisha mwaka 1865 kazi ya kutunga sheria haikuisha. Mwaka 1924 jimbo lilipiga marufuku ndoa kati ya wazungu na watu wa rangi nyingine, na sheria hiyo ikadumu mpaka Mahakama ya Juu ilipoifuta mwaka 1967. Yote haya yalijadiliwa bungeni, yakapigiwa kura, yakasainiwa, na kumbukumbu zake zipo kwenye nyaraka za serikali. Nani mwingine anapaswa kuyaeleza?

Kuhusu ubaguzi mashuleni, sijui mahali panapoeleza jambo hili vizuri kuliko kaunti ya Prince Edward, humohumo Virginia. Tarehe 23 Aprili 1951, msichana wa miaka 16 aitwaye Barbara Johns aliwaongoza wanafunzi wenzake wa shule ya sekondari ya Moton, mjini Farmville, kugoma. Shule yao ya watu weusi ilikuwa imejaa kupita kiasi, na baadhi ya madarasa yalikuwa vibanda vilivyoezekwa na kukandikwa kwa karatasi ya lami. Watoto wa kizungu mji uleule walikuwa na shule ya maana. Wakaenda mahakamani, kesi yao ikaunganishwa na nyingine nne, na tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu ikatamka kwamba kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha Katiba.

Kaunti ilijibu nini? Mwaka 1959, ilipobanwa itekeleze hukumu, iliamua kufunga shule zote za umma. Zote. Watoto wa kizungu wakafunguliwa shule binafsi, na kwa muda fedha za umma zikasaidia kuwalipia karo. Watoto weusi wapatao 1,700 wakabaki hivihivi. Wachache walipelekwa kwa ndugu wa majimbo mengine, wengine wakasoma kwenye vyumba vya makanisa, wengi wakaingia mashambani kufanya kazi na hawakurudi tena darasani. Hali ilikwenda hivyo mpaka 1964. Mwaka 2004 jimbo lilianzisha mfuko wa kuwasomesha wale walionyimwa elimu, wakiwa tayari watu wazima wa makamo. Fikiria mtu anajiandikisha kumaliza sekondari akiwa na miaka 55, kwa sababu alipokuwa na miaka 10 serikali ya kaunti yake ilitia kufuli mlangoni.

Na katika miaka hiyohiyo ambayo watoto hao walikuwa nje, wenzao waliokuwa madarasani kwingineko Virginia walikuwa wanafunua kile kitabu chenye mchoro wa kushikana mikono.

Virginia imejaribu kujirekebisha, na naipa haki yake. Agosti 2019, zilipotimia karne nne tangu Waafrika ishirini na ushei kutoka Angola washushwe Point Comfort, pwani ya Virginia, gavana Ralph Northam alisaini amri ya kuunda tume ya kutazama jinsi historia ya Wamarekani Weusi inavyofundishwa. Tume ilikaa mwaka mzima, ikapitia mitaala, ikasikiliza watu, ikatoa ripoti Agosti 2020. Ilipendekeza mihutasari irekebishwe na walimu wapewe mafunzo. Mengine yalifanyiwa kazi, kazi ya tume ikaisha, wajumbe wakaagana.

Januari 2022 akaapishwa gavana mwingine, Glenn Youngkin. Amri yake ya kwanza kabisa, siku hiyohiyo ya kuapishwa, ilihusu kuondoa mashuleni yale aliyoyaita mafundisho ya kugawa watu. Novemba mwaka huo ikatolewa rasimu ya viwango vya somo la historia iliyopigiwa kelele kiasi kwamba Bodi ya Elimu iliahirisha kuipokea, na viwango vipya havikupitishwa mpaka Aprili 2023. Mwalimu wa darasa la nne alipaswa kufuata upepo gani? Ndiyo maana nasema amri ya gavana haitoshi. Kinachoandikwa na kalamu moja kinafutwa na kalamu nyingine. Tume ya namna hii lazima iundwe na bunge, iwe na sekretarieti yake, fungu lake kwenye bajeti na wajumbe ambao vipindi vyao havilingani na cha gavana.

Mfano wa sheria upo. New Jersey ilipitisha yake mwaka 2002 na kuipa tume jina la Amistad, meli ambayo mwaka 1839 Waafrika 53, wakiongozwa na Sengbe Pieh, waliasi karibu na Cuba, wakaishia mahakamani Marekani, na mwaka 1841 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba ni watu huru. New York na Illinois zikafuata mwaka 2005. Kazi ya tume ya New Jersey ni kuhakikisha habari za utumwa, na za mchango wa watu weusi katika ujenzi wa nchi, zinaingia katika masomo yote ya historia, badala ya kurundikwa ndani ya Februari, mwezi wa historia ya watu weusi, peke yake. Hapo ndipo penye uzito. Mtoto anayesoma habari za mapinduzi ya viwanda akutane na pamba, na akikutana na pamba akutane na aliyeichuma.

Hata hivyo New Jersey ina funzo la pili ambalo watetezi wa tume hizi hawapendi kulitaja. Baada ya karibu miaka 20 bado zilikuwapo shule zisizofuata sheria ile ipasavyo, na mwaka 2021 ilibidi isainiwe sheria nyingine ya kuikazia. Florida nayo ina sheria ya kufundisha historia ya Waafrika tangu 1994, pamoja na kikosi kazi cha kuisimamia. Lakini mwaka 2023 Bodi ya Elimu ya jimbo hilohilo ilipitisha viwango vinavyosema watumwa walijifunza ujuzi ambao, katika baadhi ya hali, ungeweza kuwafaa wao wenyewe. Kwa hiyo tume isiyo na meno ni pambo. Inatakiwa iwe na mamlaka ya kukagua kinachofundishwa na kutangaza hadharani wilaya zisizotekeleza. Na mihutasari inayohusu utumwa na ubaguzi isipite kabla tume haijatoa maoni yake kwa maandishi, yakasomwa na wazazi.

Ujinga uliopo si wa kubahatisha. Mwaka 2018 shirika la Southern Poverty Law Center lilitoa matokeo ya utafiti kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari nchini Marekani. Waliotambua kwamba utumwa ndio uliokuwa sababu kuu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe walikuwa asilimia 8. Siwalaumu watoto hao hata kidogo. Siwalaumu sana walimu wao pia, kwa kuwa wengi wanaogopa somo lenyewe. Wanaogopa kukosea, kupigiwa simu na mzazi, kuitwa na mkuu wa shule. Mwalimu mwenye hofu hupita juu juu, anataja Abraham Lincoln, anataja Martin Luther King, kengele inalia. Tume yenye bajeti ingempa mafunzo kazini, vifaa vya kufundishia, na mahali pa kukimbilia akisakamwa.

Vifaa vyenyewe havihitaji kubuniwa. Septemba 1769 gazeti la Virginia Gazette lilichapa tangazo la mtu aliyetoroka. Jina lake Sandy, umri kama miaka 35, fundi viatu, anatumia zaidi mkono wa kushoto, anajua useremala kiasi, na ameondoka na farasi mweupe. Atakayemkamata ndani ya kaunti atapewa shilingi 40, akimkamatia mbali zaidi anapewa zaidi. Aliyetoa tangazo ni Thomas Jefferson, ambaye miaka saba baadaye aliandika, katika Azimio la Uhuru wa Marekani, kwamba watu wote wameumbwa sawa. Sandy alikamatwa, na baadaye Jefferson akamuuza. Mpe mwanafunzi wa miaka 13 karatasi hiyo moja. Mwache ajiulize kwa nini bwana anakumbuka mkono anaoutumia mtu huyu, viatu alivyoshona vilivaliwa na nani, alikuwa anaelekea wapi na farasi yule. Hapo hakuna wa kumtia mtoto maneno mdomoni, anasoma tangazo alilolitoa mwenyewe Jefferson.

Matangazo ya namna hiyo ni maelfu. Yapo pia mengine yanayoniuma zaidi, ya baada ya 1865, ambapo watu walioachwa huru waliandika magazetini kutafuta mama, watoto, waume na wake waliouzwa mbali nao. Yapo mahojiano zaidi ya 2,300 ya watu waliokuwa watumwa, yaliyoandikwa na waajiriwa wa serikali kati ya 1936 na 1938. Zipo hati za nyumba zenye masharti kwamba kiwanja kisiuzwe kwa mtu mweusi, masharti ambayo mahakama ziliendelea kuyatekeleza mpaka 1948. Karibu kila kaunti ina makabati ya karatasi hizi. Kinachokosekana ni chombo cha kuzikusanya, kuzipanga kwa umri wa wanafunzi na kuzifikisha darasani.

Hoja inayorudiwa sana ni kwamba masomo haya yatamfanya mtoto wa kizungu ajione ana hatia. Naichukulia kwa uzito kwa sababu hakuna mwalimu mwema anayetaka mtoto aondoke darasani kichwa chini kwa dhambi ambayo hakuitenda. Lakini mafunzo mazuri hayaanzii kwenye rangi ya mwanafunzi. Yanaanzia kwenye sheria, nani aliitunga, nani aliipinga, nani alifaidika, nani aliumia. Mtoto huyo atakutana pia na wazungu waliosimama upande wa haki, kama John Quincy Adams, rais mstaafu wa miaka 73 aliyekwenda kuwatetea watu wa Amistad mbele ya Mahakama ya Juu. Ajabu ni kwamba wanaohofia hisia za mtoto mmoja hawamuulizi mwenzake wa dawati la pili anajisikiaje anaposoma kwamba babu zake walikuwa na furaha utumwani.

Na dawati hilo la pili siku hizi lina watoto wetu pia. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili zimehamia Marekani, na watoto wao wanaitwa weusi tangu siku ya kwanza ya shule, ndani ya nchi ambayo neno hilo lina miaka 400 ya sheria nyuma yake. Nimesikia wazazi wakisema mambo hayo hayatuhusu, sisi tulikuja kwa ndege. Yanatuhusu. Mtaa uliokupangishia nyumba, shule aliyopangiwa mwanao, hata haki yako ya kuoa uliyempenda, vyote vimepitia mikononi mwa watu kama Barbara Johns. Mswada wa tume ukija kwenye jimbo lenu, nendeni kwenye vikao vya kusikiliza maoni, mkaongee kama wazazi na walipa kodi.

Kuhusu nani akae kwenye tume: wanahistoria ndiyo, lakini wasiwe wengi kuliko walimu wa madarasani. Watunza nyaraka wawemo, na vizazi vya waliokuwa watumwa wawe na viti vilivyotajwa ndani ya sheria. Katika Virginia ningetenga viti viwili kwa waliofungiwa shule Prince Edward. Aliyekuwa na miaka 6 mwaka 1959 sasa amepita 70. Bunge la Virginia hufungua kikao chake Jumatano ya pili ya Januari kila mwaka, na mswada wa kuunda tume hii usisubiri Januari nyingi zaidi.