Gemu yako, mkono wa mwingine

Anayetengeneza gemu peke yake mara nyingi anajua kuandika programu au anajua kuchora. Wanaojua vyote viwili ni wachache. Huyu wa programu hufika mahali ambapo mhusika wake bado ni kiboksi cha kijani kinachoruka juu ya viboksi vya kahawia. Akimwonyesha rafiki anaambiwa, "Iko poa, ila picha sasa..." Basi usiku ule ule anaingia mtandaoni kutafuta mchoraji wa kujitegemea, amlipe kwa kazi, achore, waachane kwa amani.

Kuna wasanidi, yaani watengenezaji wa gemu, wanaoamini hiyo ndiyo njia pekee ya maana, na kuna wanaosema ni kumwaga pesa mchangani. Mimi ni wa upande wa programu, nimeshalipa wachoraji, na nimeshawahi kujuta kulipa na kujuta kutolipa.

Wanaosema lipa wana ushahidi mmoja mzito. Jonathan Blow wa Marekani aliitengeneza gemu yake Braid kwanza kwa michoro ya kubabaisha. Ikiwa na sura hiyo hiyo, mwaka 2006, ilishinda tuzo ya ubunifu wa mchezo kwenye Independent Games Festival, tamasha la gemu za watengenezaji wa kujitegemea. Baadaye ndipo akamchukua David Hellman, mtu wa katuni za mtandaoni, aichore upya, na Agosti 2008 ikatoka ikiwa na zile mandhari kama zilizochorwa kwa rangi za maji ambazo watu wanazikumbuka hadi leo. Kwa miaka mitatu Blow alitoa takriban dola 200,000 mfukoni mwake, nyingi zikienda kwa michoro hiyo na kwa gharama zake za kuishi.

Kisa hiki husimuliwa kama hoja ya kulipa: ona, alitoa pesa, gemu ikapendeza, ikauza. Mimi naangalia mpangilio wa matukio. Tuzo ilitangulia michoro. Hellman aliletwa kupamba nyumba iliyokwisha kusimama, na kila mtu aliyeingia humo alishajua inakalika.

Wanaopinga nao hawajakosa mifano. Mike Bithell alitoa Thomas Was Alone mwaka 2012 ikiwa na wahusika ambao ni mistatili mitupu, na wachezaji wakaihurumia mistatili. Eric Barone alichora Stardew Valley, gemu ya shamba na mifugo, yote mwenyewe, akawa anarudia picha zile zile kadiri mkono ulivyozidi kukomaa, hadi ikatoka 2016. Vampire Survivors ilianza na picha za kununuliwa tayari, na mwaka 2023 ikachukua tuzo ya Uingereza ya BAFTA ya gemu bora. Ila mifano hii ina bei yake. Barone alitumia zaidi ya miaka minne. Mwenye kodi ya nyumba ya kulipa kila mwezi Sinza ya Dar au Umoja ya Nairobi hana miaka minne ya kujifunza kuchora kuku.

Tunapojidanganya sana sisi watu wa programu ni kwenye hesabu. Tunamwandikia mchoraji, "Nataka mhusika mmoja tu, mwanamke anayetembea." Mmoja tu! Mwendo wa kawaida una fremu 8, yaani picha nane zinazofuatana haraka hadi mtu aonekane anatembea. Gemu inayotazamwa kutoka juu ina pande nne, kwa hiyo hizo ni 32. Unaweza kuchora upande wa kulia tu na kuugeuza uwe wa kushoto, ubaki na 24, lakini ukimpa ndoo katika mkono wa kulia, akigeuka ndoo inahamia mkono wa kushoto yenyewe. Ama ukubali uchawi huo, ama ulipie fremu 8 zaidi. Tuseme umekubali. Ongeza kusimama akipumua, fremu 4 kwa pande tatu: 12. Kutembea na mzigo kichwani: 24 nyingine. Kushtuka, fremu 3 kwa pande tatu: 9. Mwanamke mmoja tu amekuwa picha 69, na bado hajakaa chini wala kucheka. Mchoraji akikutajia bei ukaona anakukomoa, hesabu fremu kwanza ndipo ukasirike.

Kosa langu kubwa, hata hivyo, halikuwa la hesabu. Nilikuwa na gemu ya muuza vitumbua, nikampata mchoraji wa mbali sana, mwenye mkono mzuri kuliko wengi niliowahi kuwaona. Nikamtumia mistari mitatu: mama wa Kiswahili, amevaa kanga, anakaanga vitumbua alfajiri. Baada ya siku tisa kazi ikaja. Mwanga wa moto ulikuwa unapendeza mno. Lakini kanga ilikuwa kitambaa cha madoa ya chui, bila pindo wala jina. Kikaango kilikuwa bapa kama cha chapati, hakina vile vishimo, na vitumbua vyenyewe vilikuwa vimepangwa juu yake kama biskuti. Nyuma ya mama palisimama mbuyu peke yake, jua linachwa. Nilikuwa nimeomba alfajiri ya kichochoroni.

Nilikasirika kwa kama saa moja hivi. Kisha nikasoma upya ile mistari mitatu, hasira ikaisha. Mtu huyu angejuaje? Kwake kanga ni neno. Sikumtumia picha ya kikaango, sikumpa kipimo cha mhusika wala orodha ya rangi. Alijaza mapengo kwa alichonacho, na alichonacho kuhusu kwetu ni filamu za wanyama. Marekebisho mawili ya bure yaliishia kwenye kanga na mbuyu, kikaango nililipia.

Tatizo lingine lilikuja baadaye. Alinitumia picha ambazo matabaka yake, yaani sehemu zinazochorwa kila moja peke yake, yalishabanwa kuwa moja. Nilipotaka kubadilisha rangi ya kanga peke yake nikakuta imeshikana na mkono, mkono umeshikana na moshi. Faili la kazi lenye matabaka yake halikuwemo kwenye makubaliano yetu, na hakuwa na wajibu wa kunipa. Siku hizi ndicho kitu cha kwanza ninachoandika, kabla hata ya bei.

Je, suluhisho ni mchoraji wa karibu? Wenzangu wengi husema ndiyo bila kusita, na nusu yake nakubali. Dar na Nairobi zina wachoraji hodari, lakini wengi mikono yao imezoea mabango, nembo na majalada ya vitabu. Kuchora kigae cha sakafu, kipande kidogo cha picha kinachorudiwarudiwa kujaza sakafu nzima, kinachopaswa kuungana na chenyewe pande zote nne bila mshono kuonekana ni kazi nyingine kabisa. Aliyezoea bango atakuletea kichochoro kizuri mno ambacho hakikatiki vipande. Wa mbali unamfundisha ulimwengu wako, wa karibu unamfundisha faili lako. Nikilazimika kuchagua, namchukua wa karibu: mambo ya faili mtu huyashika kwa wiki mbili, na hakuna haja ya kumweleza kitumbua kikoje. Halafu unamlipa kwa simu papo hapo, hakuna jukwaa la kukata asilimia yake katikati wala benki ya kula tofauti ya fedha za kigeni.

Suala la nani anamiliki michoro watu hulipita haraka, na si haki, kwa sababu jibu hubadilika ukivuka mpaka. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huchukulia kwamba haki ya kazi iliyoagizwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wenyewe wamekubaliana vingine. Marekani mambo ni kinyume: mwaka 1989 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mchongaji James Earl Reid hakuwa mwajiriwa wa shirika lililomwagiza sanamu, hivyo shirika halikuweza kudai hakimiliki kwa hoja kwamba alikuwa mtu wake wa kazi. Maana yake, msanidi wa Mombasa akimlipa mchoraji wa Ohio bila maandishi yaliyosainiwa, anaweza kuuza gemu ambayo michoro yake ni mali ya mtu mwingine.

Na wachoraji nao wana kilio chao, tena cha haki. "Sina hela sasa, ila tutagawana faida." Kila mchoraji ninayemjua ameshaambiwa hivyo. Tufanye mfano. Gemu ya dola 5 imeuza nakala 300 kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta: dola 1,500. Steam inachukua asilimia 30, zinabaki 1,050, kabla ya kodi na wanaorudishiwa pesa. Mchoraji aliyeahidiwa asilimia 30 anapata dola 315 kwa kazi ya miezi minne. Na nakala 300 kwa gemu ya kwanza ya mtu asiyejulikana si mauzo ya kuchekwa. Hatari unaibeba naye sawa, uamuzi unabaki nao peke yako. Wewe ni bosi asiyetaka kulipa mshahara, anayetaka aaminiwe tu. Mgao nauona halali pale tu mchoraji naye anapokuwa na kura, anaweza kusema sehemu hii ya gemu haifai na ikaondolewa. Akiwa na kura si kibarua tena, ni mbia, na hilo nalo liandikwe.

Kuna pia desturi ya kuomba "jaribio dogo" la bure kwa watu watano, kisha kumchagua mmoja. Lipia jaribio. Likikushinda kulilipia, hiyo kazi yenyewe utailipaje?

Kuhusu picha za mashine, zile zinazotengenezwa na akili mnemba (AI), sina mengi. Steam tangu Januari 2024 inamtaka msanidi atamke kama amezitumia, na mahakama moja ya Marekani ilisema mwaka 2023 kwamba picha isiyotokana na mkono wa mtu haipati hakimiliki. Ukizitumia kwa gemu nzima, jirani yako anaweza kuzichukua ukakosa la kumwambia.

Ninachofanya sasa ni kuagiza skrini moja tu, iliyokamilika: sakafu, ukuta, mhusika anayetembea upande mmoja, kitu kimoja cha kushika. Nailipa yote, naiweka ndani ya gemu, naicheza kwa wiki. Mkono ukikubaliana na gemu tunaendelea na mkataba mkubwa. Usipokubaliana, tumepoteza skrini moja, naye amelipwa.

Ila muuza vitumbua wangu bado hajafika huko. Nimemrudisha kuwa kiboksi cha kijani, na kikaango ni kiboksi cheusi chenye nukta saba. Juzi mtoto wa dada yangu aliicheza mara tatu bila kuambiwa, akaunguza vitumbua vyote, kisha akaniuliza, "Anko, huyu wa kijani anaitwa nani?"