Trekta la kulimia watu: hesabu siku, achana na eka

Kila ikifika mwezi wa 12 huwa napigiwa simu na jamaa zangu wa mjini, kaka nataka nivute trekta nilipeleke Handeni, nasikia kumlimia mtu eka moja ni elfu 60. Alafu anaanza kukupigia hesabu hapo hapo kwenye simu: trekta linalima eka 10 kwa siku, msimu miezi miwili, weka siku 60, zidisha, milioni 36. Yaani msimu mmoja tu hela ya trekta imerudi na chenji juu. Mimi huwa nacheka kwanza, maana hiyo hesabu naijua, niliipiga mwenyewe nyuma ya risiti ya sheli nimekaa barazani Ngamiani, Tanga mjini, na kahawa yangu na kashata, na nikaiamini.

Sasa ngoja nikusomee daftari. Trekta langu ni Massey Ferguson 290, mtumba toka Uingereza, na plau la disiki 3, linazunguka upande wa Mkata na Kabuku. Masika iliyopita toka eka ya kwanza mpaka ya mwisho zilipita siku 41. Siku ambazo plau liligusa udongo ni 23. Eka nilizolima ni 112. Gawanya mwenyewe, haifiki hata eka 5 kwa siku, na hapo trekta ni zima na dereva sio mvivu.

Siku zinaenda wapi? Nyingine zinaenda na mvua. Kabla haijanyesha ardhi ya huku ni tofali, disiki zinakwaruza juu tu na dizeli inaisha, mvua ikizidi trekta linazama, kwa hiyo kuna zile siku chache za katikati udongo umelainika vizuri na hapo ndo wateja wote wanapiga simu asubuhi moja, kila mtu anataka aanze yeye. Nyingine zinaenda njiani. Una nusu eka hapa, eka moja na nusu kilomita 6 mbele, robo tatu kule bondeni, na trekta sio bodaboda, ukilikimbiza sana ni kilomita 25 kwa saa huku plau linaning'inia nyuma. Ukilazimika kuingia lami ya Chalinze-Segera na yale mabasi ya Arusha ndo utajua wewe na dereva wako nani anajua kusali.

Alafu kuna visiki. Mashamba mengi huku ni pori lililofyekwa juzi, na ndo maana watu wanapenda plau la disiki, ikikutana na mzizi inaviringika inaupanda juu inaendelea, lile la majembe lingeng'ang'ania likavunjika. Ila kupanda nako kuna mwisho wake. Mwaka juzi mwenye shamba kaniambia shamba safi kijana, halina kitu. Saa nne asubuhi nikasikia ko! Trekta likanyanyuka nyuma, dereva akazima. Tukapiga magoti, disiki ya katikati inacheza kama jino la mtoto, grisi nyeusi inachuruzika na vipande vya chuma ndani yake, beringi imesambaratika. Mkata hakukuwa na ya saizi ile, utingo akadaka basi mpaka Korogwe akarudi saa moja usiku na beringi mfukoni. Siku ile nililima robo eka. Kesho yake mvua ikanyesha siku nne.

Siku hizi silimi kabla sijatembea shamba kwa miguu yangu, na kila kisiki nakichomekea tawi lenye kitambaa chekundu. Mwenye shamba akinuna anune.

Na hiyo eka yenyewe ni kitu gani? Hapa ndo kuna vita. Kwetu eka ni hatua 70 kwa 70, kila mtu anajua hilo, swali ni hatua za nani. Kuna mzee mmoja mrefu ka mnazi, siku ya kupima akakunja suruali, akaanza kurusha miguu utadhani anaruka mitaro, moja, mbili, tatu, mpaka wajukuu zake wanacheka. Dereva wangu ni mfupi, naye akapima kwa hatua zake za kwenda msikitini. Wakatofautiana karibu hatua 20 upande mmoja tu. Mimi nikaenda kukaa chini ya mwembe kufikiria. Hatua 70 zinakuja vizuri kama kila hatua ni yadi moja, yadi 70 kwa 70 ni 4,900 na eka ni yadi za mraba 4,840, hapo mmeelewana. Ila mtu akikupimia mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900 wakati eka ni kama 4,047. Maana yake kila ukilipwa eka 5 umelima ya 6 bure, dizeli yako, dereva wako, disiki zako. Sasa nina kamba ya mita 64 imefungwa fundo, 64 kwa 64 ndo eka, anayetaka miguu aniite kwenye mbio za shule.

Haya hela. Kwa elfu 60 yangu, eka moja inakula dizeli kama lita 7, weka elfu 21, dereva elfu 6, utingo elfu 2. Inabaki elfu 31. Kwa eka 112 ni kama milioni 3 na laki 4 na sabini, ukitoa eka 14 nilizolima kwa ahadi ya nitakulipa nikivuna, hiyo ni 840,000 ambayo mpaka leo naisikia kwenye salamu tu, imebaki kama milioni 2 na laki 6. Hapo sijahesabu dizeli ya kutembea, beringi, filta, oili, tairi. Na dizeli yenyewe unakubaliana bei ya kulima mwezi wa kwanza, Jumatano ya kwanza ya mwezi wa tatu EWURA, wale wanaopanga bei ya mafuta, wanatangaza bei mpya, bei ya bandari ya Tanga imepanda, mkulima hataki kusikia, kwake maneno ni yale yale ya mwezi wa kwanza.

Kwa hiyo mimi nimebadilisha mambo mawili na najua yananipa jina baya. Silimi kwa mkopo, hata wewe ni shemeji yangu. Na mwenye shamba dogo analipa zaidi kwa eka, nusu eka peke yake ni elfu 40 sio 30. Kuna watu wananiita mnyonyaji, eti nawakamua wanyonge na wenye eka 10 nawapunguzia. Linaniuma, maana wenye nusu eka wengi ni wamama na wazee. Lakini trekta kwenda na kurudi kwa nusu eka linakula asubuhi nzima, na asubuhi ndo mtaji wangu, eka sio mtaji. Kuna mama mmoja Kabuku alinielewa haraka kuliko wanaume wote, alinibishia bei dakika tano, akaona sibadiliki, akaondoka. Jioni akapiga, "mwanangu, tukiwa saba tumepakana utatufanyia ngapi?" Walikuwa na eka 6 zote pamoja. Nikawafanyia elfu 50, tukaanza saa 12 asubuhi na saa tisa tumeshamaliza, na uji walituletea. Ile ndo siku yangu bora ya msimu na ndo bei niliyolima chini kuliko zote.

Kinachonilipa hasa ni tela. Plau likishawekwa kando, trekta linabeba mahindi toka mashambani, mchanga, tofali, kuni, linazungusha mashine ya kupukuchua, hapo unalipwa kwa gunia, gunia halina ubishi wa hatua. Asiyekuwa na tela asinunue trekta, nasema hivyo wazi. Zile pawatila, vitrekta vya tairi mbili, za enzi za mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza, 2009 na kuendelea, kwenye mbuga za mpunga sawa, ila huku kwetu kwenye ardhi ngumu ukiziona nyingi kazi yake ilikuwa kuvuta vitela.

Na jambo la dereva. Mwaka wa kwanza nilikuwa nasimamia kwa simu toka Tanga mjini. "Bosi leo mvua kubwa, hatujalima." Nampigia muuza chips wa pale stendi Mkata, ananiambia mvua gani, vumbi tupu. Eka za pembeni zilikuwa zinalimwa kwa dizeli yangu na hela haijui njia ya kwangu. Toka hapo msimu ukianza nahamia huko, nimepanga chumba, nalala na kelele za popo.

Jamaa yangu wa mwezi wa 12 safari hii alikuja mwenyewe barazani na karatasi yake ya milioni 36. Nikamuuliza atakaa nani na trekta kule. Akasema atasimamia kwa simu. Nikamuagizia kahawa nyingine.