Tambo za kasi kwenye ultramarathoni: tudai ushahidi kiasi gani?

Mkimbiaji wa ultramarathoni, yaani mbio ndefu kuliko marathoni, anayesema "mimi mwendo wa dakika nne kwa kilometa naushika kutwa nzima" huenda hajui kwamba amejiweka juu ya binadamu wote. Aleksandr Sorokin wa Lithuania alikimbia kilometa 319.614 kwa saa 24 mjini Verona mwaka 2022. Gawanya, utapata wastani wa dakika 4 na sekunde 30 kwa kila kilometa, muda wa kula, kunywa na kwenda haja ukiwemo. Mapema mwaka huohuo alikuwa amemaliza maili 100, yaani kilometa 161 hivi, kwa saa 10:51:39, na hapo wastani wake ulikuwa dakika 4 na sekunde 3. Mtu aliyeandika rekodi ya dunia hakuufikia mwendo ambao wengine huutaja kirahisi mazungumzo yanaponoga baada ya mazoezi.

Tambo hizi zimezua ugomvi wa muda mrefu kati ya wakimbiaji wa mbio ndefu. Upande mmoja unasema: leta matokeo rasmi au nyamaza. Upande wa pili unajibu kwamba mchezo huu umekulia kwenye kuaminiana. Watu hukimbia usiku kucha porini bila mwamuzi wa kuwaona, na mara nyingi zawadi ya anayemaliza ni bizimu ya mkanda tu. Kumgeuza kila mkimbiaji kuwa mshukiwa, wanasema, ni kuua kile kilichowavuta watu huku. Mimi naegemea upande wa ushahidi, ila naona wenye shaka nao wana deni lao, na wengi wao hawalilipi.

Tuanze na saa ya mkononi, maana hapo ndipo chumvi nyingi inapotiwa bila mwenyewe kujua. Saa hizi zinaweza kuonyesha hesabu mbili: muda wote tangu mbio zianze, na muda wa kusogea peke yake, unaokatika kila mtu anaposimama. Tuseme mtu amekimbia kilometa 100 kwa saa 14, na katika hizo, saa mbili zimekwenda kwenye vituo vya maji, kubadilisha soksi na kukaa kwenye kiti akijiuliza alifuata nini. Mwendo wake halisi ni dakika 8 na sekunde 24 kwa kilometa. Saa ikimsomea muda wa kusogea tu, inampa dakika 7 na sekunde 12. Hakusema uongo wowote, kaionyesha namba iliyoandikwa kwenye kioo. Lakini kwenye ultramarathoni kusimama ni sehemu ya mbio, na saa ya mwandaaji haimsubiri mtu. Anayejua kula huku anatembea anamshinda mwenye miguu myepesi anayekaa kituoni dakika ishirini. Kuutoa muda huo kwenye hesabu ni kuondoa nusu ya ufundi wa mchezo wenyewe.

Umbali nao una mambo yake. Kwenye msitu mnene au kando ya majabali, mawimbi ya setilaiti hugonga na kurudi, na njia iliyonyooka huandikwa na GPS kama nyayo za mlevi. Kilometa zinaongezeka, na mwendo unaonekana wa kasi kuliko ulivyokuwa. Anayeiweka saa katika hali ya kubana betri anapata kinyume chake: saa inachukua alama mara chache, inazikata kona za mlimani, na umbali unapungua. Ndiyo maana njia za barabarani zinazotambulika kwa rekodi hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio kilichosawazishwa, tena mpimaji huongeza mita moja kwa kila kilometa ili njia isije ikapungua. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Kwenye mbio hizi wakati mwingine ni fupi kweli, na mwenyewe hana habari.

Halafu kuna milima. "Nilikimbia maili 100 kwa saa fulani" ni sentensi ambayo haijamaliza kusema kitu. Jim Walmsley wa Marekani alishinda Western States, mbio za maili 100 za California, kwa saa 14:09:28 mwaka 2019. Mwaka 2023 alishinda UTMB, mbio za takribani kilometa 171 kuzunguka mlima Mont Blanc, kwa saa 19:37:43. Kilometa kumi za ziada hazielezi tofauti ya zaidi ya saa tano. Kinachoieleza ni kwamba Western States ina mteremko mwingi kuliko mwinuko, kama mita 7,000 za kushuka kwa 5,500 za kupanda, wakati UTMB inamdai mtu apande karibu mita 10,000. Basi mkimbiaji anayetangaza muda wake wa maili 100 bila kutaja njia amechagua, kwa kujua au kutojua, tukio lililompendelea.

Makocha wana chombo chao cha kutilia chumvi, nacho ni fomula. Mhandisi Mmarekani Pete Riegel alitoa hesabu rahisi inayokadiria muda wa umbali mrefu kutokana na ule mfupi: unagawa umbali kwa umbali, unapandisha kwa kipeo cha 1.06, kisha unazidisha kwa muda wa mwanzo. Kati ya kilometa 10 na marathoni inafanya kazi vizuri kiasi. Hakuiunda kwa ajili ya mbio za siku nzima, lakini utaikuta ikitumika huko. Mchukue mkimbiaji wa marathoni ya saa 2:30. Fomula inamwambia atamaliza kilometa 100 kwa saa 6:14 hivi. Sasa tazama waliowahi kushuka chini ya hapo: Don Ritchie, 6:10:20 uwanjani mwaka 1978; Nao Kazami, 6:09:14 mwaka 2018; Walmsley, 6:09:26 mwaka 2021, akiikosa rekodi kwa sekunde 12; Sorokin, 6:05:35 mwaka 2023. Wengine ni wachache. Waliokimbia marathoni kwa saa 2:30 au pungufu ni wengi mno. Kama fomula ingekuwa inasema kweli, rekodi ya kilometa 100 ingevunjwa kila wikendi.

Kocha anayempa mteja namba hiyo anaweza kuwa anaiamini kabisa. Kinachokosekana kwenye hesabu ni tumbo linalokataa chakula, mapaja yanayochanika kwenye miteremko, joto na usingizi. Ndiyo sababu mimi namtofautisha kocha na mkimbiaji. Mkimbiaji akijisifu, anayeumia zaidi ni yeye mwenyewe, siku atakapoanza mbio kwa mwendo wa tambo zake na kutapika kwenye kilometa ya 60. Kocha akitia chumvi, anayetapika ni mtu mwingine, tena aliyelipa.

Upande wa kuaminiana una hoja moja nzito ambayo wapenda ushahidi huipita haraka. Mwaka 1983 Mgiriki Yiannis Kouros, ambaye wengi hawakumfahamu, alishinda Spartathlon ya kwanza, kilometa 246 kutoka Athens hadi Sparta, akimwacha wa pili kwa karibu saa tatu. Alifika mapema kiasi kwamba watu walimshuku amedanganya. Mwaka uliofuata alirudi, akakimbia kwa saa 20:25:00, na muda huo haukuvunjwa hadi 2023. Kama kanuni yetu ni kwamba jambo lisilowahi kuonekana ni la uongo, basi mkimbiaji bora kuliko wote wa kizazi chake angefukuzwa mlangoni. Hata Kilian Jornet, mkimbiaji wa milimani kutoka Hispania mwenye jina kubwa kabla hajagusa Everest, alihojiwa na baadhi ya watu alipotangaza kuifikia kileleni mara mbili ndani ya wiki moja mwaka 2017 bila oksijeni ya chupa. Alijibu kwa kutoa data zake.

Lakini uangalie vizuri mfano wa Kouros, maana unakata pande zote mbili. Hakuokolewa na watu waliomwamini kwa ukarimu. Aliokolewa na kurudi kwenye njia ileile, safari hii macho yote yakiwa kwake.

Tofauti yake inaonekana kwenye kisa cha Robert Young, Mwingereza aliyejaribu mwaka 2016 kuvunja rekodi ya kuikata Marekani kwa miguu. Usiku mmoja huko Kansas, mkimbiaji aliyetoka nyumbani kwenda kukimbia naye alilikuta gari lake la msaada likienda polepole bila mtu yeyote kando yake. Baada ya hapo wenye shaka walilifuata gari hilo barabarani, na kilometa za kila siku zikapungua. Young aliacha kabla ya kufika pwani na akakana kudanganya. Mdhamini wake, Skins, aliwapa kazi ya uchunguzi wataalamu wawili, Roger Pielke Jr na Ross Tucker, nao wakahitimisha kwamba alipata msaada usioruhusiwa. Moja ya mambo waliyoyategemea ni data ya saa: hatua zilikuwa chache mno kwa umbali uliodaiwa. Miezi michache baadaye mwaka huohuo, Pete Kostelnick aliivunja rekodi ya Frank Giannino ya mwaka 1980, akivuka kwa siku 42, saa 6 na dakika 30. Hakuna aliyehitaji kumfuata usiku kwa gari.

Hapo ndipo naona mpaka unapopita. Tambo inapogusa rekodi, fedha ya mdhamini au nafasi ya mtu mwingine kwenye jukwaa, si ya faragha tena. Mwaka 2023 mwanariadha mmoja wa Uingereza alifungiwa miezi 12 baada ya kupanda gari kwa takribani maili mbili na nusu katika mbio za maili 50 kutoka Manchester hadi Liverpool na kupokea tuzo ya nafasi ya tatu. Ramani ya mwendo wake ilionyesha maili moja iliyopitwa kwa dakika moja na sekunde 40. Aliyestahili kusimama pale hakuwa na njia nyingine ya kupata haki yake isipokuwa data hiyo. Anayesema "tuaminiane tu" anamwambia huyo wa nne avumilie.

Ahadi ni jambo jingine, na watu huzichanganya mara kwa mara. Walmsley alipoingia Western States mwaka 2016 alikuwa ameshasema waziwazi kwamba anaifuata rekodi ya njia. Aliongoza kwa kasi ya kutisha, akapotea njia karibu na maili ya 93, akamaliza wa ishirini. Mwaka 2017 alirudi na maneno makubwa zaidi, akashindwa kumaliza. Wengi walimcheka na kumwita mropokaji. Mwaka 2018 akavunja rekodi, na 2019 akaivunja tena yake mwenyewe. Hata asingefanikiwa, sioni kosa alilotenda: kusema utakachojaribu hakumnyimi mtu kitu, na matokeo yataonekana mbele ya kila mtu. Maneno ya jana ndiyo ya kuchunguzwa, hasa yale ya mazoezi ambayo hakuna aliyeyaona.

Lipo pia kutia chumvi kwa njia ya kupunguza za wengine. Camille Herron wa Marekani ameweka rekodi za kweli zilizopimwa, mojawapo kilometa 270.116 kwa saa 24 aliyoiweka Albi, Ufaransa, mwaka 2019, ikaja kuvunjwa mwaka 2023. Mwaka 2024 ilibainika kwamba kurasa za Wikipedia zilikuwa zikihaririwa kumkweza yeye na kuwashusha wengine, wakiwemo Kilian Jornet na mkimbiaji mwenzake wa Marekani, Courtney Dauwalter. Mumewe, ambaye pia ni kocha wake, alikiri kuwa yeye ndiye aliyefanya hivyo na kwamba mkewe hakuhusika. Mdhamini alijiondoa. Namba zenyewe hazikuwa na tatizo hata moja, na bado heshima ilipotea. Kisa hiki kinawasumbua wanaodhani faili la GPS linamaliza kila kitu.

Wenye shaka wana deni gani basi? Kwanza, waulize kabla ya kutangaza hukumu. Aliyekimbia kwa dhati ataweza kueleza njia, hali ya hewa, muda wote badala ya muda wa kusogea, na nani alikuwepo. Pili, wampime kila mtu kwa kipimo kimoja. Nimeona mara nyingi mgeni asiye na jina akidaiwa faili la kila sekunde, huku mkongwe akipita kwa kusimulia tu. Tatu, wawaache wanaojifurahisha. Mtu aliyemaliza mbio za kijiji chao na kujiongezea kilometa mbili kwenye masimulizi hahitaji tume ya uchunguzi.

Kwa kocha ningekuwa mgumu zaidi, ingawa si kwa namna watu wanavyodhani. Muda wake mwenyewe wa miaka ya nyuma haunisumbui. Wapo makocha wazuri ambao hawakuwahi kuwa na kasi. Ninachotaka kukiona ni wateja wake. Kocha aliyewaandaa watu thelathini anaweza kumtangaza mmoja aliyepunguza saa tatu, na picha yake ikawa ya kweli kabisa. Wale wengine ishirini na tisa wako wapi? Wangapi walianza, wangapi walimaliza, wangapi waliumia kabla ya siku ya mbio, na huyo mmoja alipunguza saa tatu kwenye njia ileile au alihama kutoka mlimani kwenda tambarare? Kocha anayeyajibu maswali hayo bila kukasirika, akitaja na walioshindwa, ningemlipa hata kama muda anaoniahidi ni wa polepole kuliko wa mwenzake.