Chumba au Spa: Ukilipia Hoteli ya Kifahari Mjini, Unanunua Nini Hasa?

Siku nilipotimiza miaka hamsini, wifi yangu aliniletea bahasha. Ndani mlikuwa na usiku mmoja katika hoteli ya nyota tano katikati ya Dar es Salaam, kifungua kinywa kikiwamo. "Wifi, ukalale," akaniambia. "Usipike, usifue, usimfungulie mtu mlango." Spa, pale pa kukandwa mwili na kukaa kwenye mvuke, haikuwamo kwenye zawadi. Hiyo nilijiongezea mwenyewe, shilingi 180,000 taslimu kwa dakika 60, na tangu nilipomtajia bei hiyo tunabishana mpaka leo. Yeye anasema chumba ndicho chenye thamani, spa ni anasa ya watu waliokosa pa kupeleka pesa. Mimi nasema kinyume chake, na nitaeleza kwa nini, ingawa najua ana hoja ambazo sijaweza kuzivunja zote.

Tuanze na chumba, kwa kuwa ndicho kinachobeba bei kubwa. Nilikuwa na kitanda kipana, shuka nyeupe zilizonyooshwa kwa pasi, kiyoyozi, televisheni ya ukutani na dirisha linalotazama bandari, boti za Zanzibar zikiingia na kutoka. Vizuri sana. Lakini chumba kile ungekihamishia Nairobi, Kigali au Dubai, mgeni angejua amehama kwa kuchungulia dirishani tu. Tena siku ya hoteli haina saa 24: unaingia saa 8 mchana, unatoka saa 5 asubuhi. Ni saa 21, na saba au nane kati ya hizo umefumba macho.

Kwa nini basi bei iko juu hivyo? Watetezi wa hoteli wana majibu, na si ya kubeza. Jenereta lazima liwake sekunde chache baada ya umeme kukatika. Maji lazima yatoke hata wiki ambayo mtaa mzima unabeba madumu. Mapokezi yana mtu saa 9 usiku, jikoni kuna mtu, getini kuna mtu. Usipopangisha chumba leo, usiku wa leo umepotea, huwezi kuuweka ghalani ukauuza kesho.

Hayo yote kweli. Ila kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Hoteli ya mjini si hoteli ya ufukweni. Mteja wake mkuu ni mtu wa semina, mkutano, mradi au biashara, na mara nyingi chumba hakilipii yeye. Kinalipiwa na shirika, kampuni au serikali. Ndiyo maana hoteli hizi hujaa Jumanne na kupwaya Jumamosi, na ndiyo maana mwisho wa wiki bei zake hulegea. Bei ya katikati ya wiki imepangwa kwa mtu anayekusanya risiti akazikabidhi kwa mhasibu. Wewe uliyejidunduliza ukaja na fedha ya mfukoni mwako, Jumanne hiyo hiyo, unalipa bei iliyopangwa kwa ajili ya mfuko wa mwingine.

Spa haina bahati hiyo. Hakuna mhasibu wa wizara atakayepokea risiti ya kukandwa mgongo. Anayepanda ngazi kwenda spa amejishauri, amehesabu, na fedha ni yake. Kwa hiyo spa inalazimika kumshawishi mtu mmoja mmoja, na asiporidhika harudi. Chumba kinaweza kuwa cha kawaida mwaka mzima na bado kikajaa watu wa semina.

Kuna anayenipinga hapa, na anapinga kwa haki. Anasema spa za hoteli za mjini nyingi hazipo kwa ajili ya mteja hata kidogo. Zipo kwa sababu jina la kimataifa lililobandikwa juu ya jengo linataka hoteli iwe na spa, iwe na bwawa, iwe na chumba cha mazoezi. Ndiyo maana nyingine utazikuta kwenye ghorofa ya chini kabisa, jirani na maegesho, taa za njano na muziki wa filimbi ya rekodi, mkandaji amekaa peke yake akichezea simu. Nimeiona ya namna hiyo. Kulipa bei ya nyota tano kuingia shimoni ni jambo la kumsikitisha mtu.

Na nyota zenyewe hazisaidii kutofautisha. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina vigezo vya pamoja vya kupanga hoteli kwa nyota, lakini mkaguzi anakagua zaidi vitu vinavyoonekana: ukubwa wa chumba, lifti, huduma zilizopo. Mikono ya mkandaji ni vigumu kuipima kwa fomu.

Tukija kwenye namna mgeni anavyopokewa, hapo mizani yangu inayumba. Nilifika kwa bajaji. Mlinzi akaisimamisha mbali na geti, akaniangalia mimi na mfuko wangu, akauliza, "Mama, unamletea nani mzigo?" Nikamwambia nimekuja kulala. Akaomba radhi, kwa adabu kabisa, na nafikiri alimaanisha. Lakini gari la nyuma yetu lilikaguliwa chini kwa kioo, likafunguliwa buti, likapita bila mtu kuulizwa anampelekea nani nini.

Wifi hapa huwatetea, na ana historia upande wake. Agosti 7, 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na hapa hapa Dar. Novemba 2002 ikashambuliwa hoteli ya Paradise kule Kikambala, kaskazini ya Mombasa. Januari 15, 2019 wavamizi waliingia DusitD2, Nairobi, jengo lenye hoteli, ofisi, mgahawa na spa, na watu 21 wakauawa. Baada ya hayo, mgeni anayelalamika kwamba mkoba wake umepitishwa kwenye mashine hajui anachokisema. Mimi mashine sina ugomvi nayo. Mashine ilinikagua kama ilivyomkagua mzungu aliyekuwa mbele yangu. Swali la mzigo halikutoka kwenye mashine.

Nikafika mapokezi, wakataka kadi ya benki washikilie kiasi fulani kwa ajili ya matumizi ya ziada. Hili wengi hulisoma kama wizi, na si wizi: hoteli inajikinga na mgeni anayekula friji nzima akaondoka alfajiri. Shida ni kwamba utaratibu huu unamfaa mwenye kadi ya mkopo, maana kwake kinachoshikiliwa ni nafasi ya kukopa. Kwenye kadi yangu ya kawaida kilichoshikiliwa ni fedha yenyewe, ile ya kununulia unga. Sikutumia hata soda, na fedha ilirudi siku ya tisa. Nilipopiga simu, hoteli ikasema niulize benki. Benki ikasema niulize hoteli. Hakuna kukandwa kunakoondoa uchovu wa aina hiyo. Tukitaka kuwa wakweli, kero kama hizi ndizo mgeni wa hapa anazoondoka nazo, wakati mgeni wa mbali anaondoka akisifia machweo ya bandarini.

Sasa spa. Nilivua viatu, nikapewa kandambili na joho jeupe. Kwenye kiti cha pili alikuwepo mwanamke mwingine, naye kwenye joho kama langu, akinywa chai ya mchaichai. Simjui amekuja na gari gani, wala yeye hakujua habari za bajaji yangu. Tangu getini, hiyo ilikuwa mara ya kwanza ndani ya jengo lile kutokuwa na wa kunipima.

Orodha ya huduma ilikuwa ndefu: ya Bali kule Indonesia, ya Kithai, ya Kiswidi, ya mawe ya moto. Chini kabisa, kwa Kiingereza, palikuwa na kusuguliwa mwili kwa viungo vya Zanzibar. Nikamuuliza binti wa kunikanda, ambaye mpaka hapo alikuwa akiniita "madam", ndani yake mna nini. Akataja karafuu, manjano, liwa, unga wa mchele, maji ya mawaridi. Nikacheka, maana kwetu hivyo ndivyo anavyosuguliwa bibi harusi. "Mwanangu, hii si singo hii?" Naye akacheka, akafunga mlango, akasema, "Shikamoo mama. Ndiyo yenyewe. Kwetu Tanga bibi alikuwa akitwanga kwenye kinu, nyumba nzima inanukia." Hakuniita madam tena.

Anayesema spa ni jambo la kuletwa na meli anasahau tumekaa nayo siku nyingi. Jina ndilo geni, limetoka mji wa Spa kule Ubelgiji wenye chemchemi za maji. Kazi yenyewe tunaijua. Kidichi, nje ya mji wa Unguja, bado zimesimama hamamu, nyumba za kuogea, alizojenga Sultani Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Mji Mkongwe kuna Hamamni, hamamu ya watu wa mjini iliyojengwa enzi za Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, nayo ilitumika hadi mwaka 1920. Mtaa mzima umebeba jina lake. Na majumbani, bibi harusi alisingwa siku kadhaa kabla ya kutolewa, somo, yule mwanamke wa kumfunda, akiwa pembeni na asumini kwenye sinia.

Lakini hoja hiyo hiyo inaweza kunigeukia. Kama singo ni yetu, kwa nini niinunue kwa 180,000? Mpwa wangu husema tunauziwa singo ya bibi zetu kwa bei ya watalii. Nilikaa nikapiga hesabu. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18 imo ndani ya bei hiyo: shilingi 27,458 si ya hoteli. Kuna shuka mbili, taulo tatu na joho la kufuliwa kwa kila mteja. Kuna mafuta, umeme wa chumba cha mvuke, maji moto. Kuna saa nzima ya mtu aliyesomea kazi, ambaye kwa siku hawezi kukanda watu wengi kabla vidole havijagoma. Bado inabaki pengo, na pengo hilo ni faida na jina. Kilichonikera ni kwamba singo imewekwa mwisho wa orodha kwa lugha ya kigeni, kama kitu cha kuonja, huku Bali ikipewa mstari wa kwanza. Pale Shangani, Unguja, kuna jumba la karne ya 19 liitwalo Mambo Msiige, leo ni sehemu ya hoteli kubwa. Jina hilo ningelibandika mlangoni kwa kila spa inayoijua Bali kabla ya kuijua Bububu ya hapo Unguja.

Wapo pia wanaosema masaji ya mtaani ni ya elfu thelathini na mikono ni ile ile. Huenda ni ile ile. Ila tusidanganyane, neno "masaji" katika jiji hili limeharibiwa jina, na mwanamke anayesema anakwenda masaji mtaani lazima aeleze ni masaji gani. Sehemu ya fedha niliyolipa ilikuwa ya kutoeleza. Nilipewa pia uhakika wa kukandwa na mwanamke, jambo nililouliza mapema kwenye simu. Hapo spa nyingi bado zinalegalega: wanaume na wanawake hutumia chumba kimoja cha mvuke, na ukihoji wanakuangalia kama uliyetoka kijijini, ilhali katika hamamu za kale kuwatenganisha lilikuwa jambo la kwanza kupangwa.

Kwa hiyo nikiulizwa na mtu mwenye laki mbili na ushee na siku moja ya kupumzika, ninamwambia aache chumba. Hoteli nyingi za namna hii hupokea mteja wa spa asiyelala, na baadhi humruhusu kutumia bwawa. Aende saa 4 asubuhi, akandwe, akae kwenye mvuke, aogelee, anywe chai, alasiri arudi kwake. Atakuwa amechukua kile ambacho nyumbani hakipati na kuacha kitanda, ambacho anacho.

Nilimwambia wifi hivyo. Mwezi uliopita naye akapata fedha za mchezo wa kupeana, akaenda hoteli ile ile siku mbili, Jumamosi na Jumapili, bei ikiwa imeshuka. Spa hakuikanyaga. Nikamuuliza basi ulifanya nini siku zote hizo. Kwake kuna watoto wanne, mama mkwe mgonjwa na mpangaji wa uani anayegonga mlango saa 11 alfajiri kuomba ufunguo wa bomba. "Nililala," akasema. "Masaa kumi na moja, wifi, mfululizo. Niliamka nikasikiliza mlango, hakuna aliyegonga, nikalala tena."

Hapo sikuwa na la kumjibu.