Nahodha Mstaafu na Kibao cha Gatini

Ukitembelewa na mtu aliyekuwa nahodha wa majahazi kati ya Wete na Tanga, usimpangie safari ya baharini. Mpeleke sokoni, mnunulie koti, basi.

Mjomba alinijia Stockholm, Uswidi, mwezi wa Juni, jua linazama karibu saa nne usiku, na yeye kila jioni ananiuliza Magharibi imekwama wapi. Nilikuwa nimemwandalia matembezi ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Kwanza Drottningholm, jumba la kifalme kando ya ziwa, na mfalme mwenyewe anaishi humo.

"Katualika?"

Hapana, Mjomba.

"Basi tunakwenda kuchungulia nyumba ya watu?"

Drottningholm ikafa. Nikasema twende Uppsala, kwa treni haizidi saa moja, kuna vilima vya makaburi ya wafalme wa kale. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, makaburi nimeyaacha Wete."

Vikabaki visiwa. Hapa kuna visiwa na miamba kama 30,000 ukihesabu kila jiwe lililotoa kichwa, na boti zinaondokea Strömkajen, katikati ya mji. Tatizo ni kwamba jana yake nilikuwa nimempeleka kuiona Vasa. Hiyo ni manowari ya mfalme iliyong'oa nanga mwaka 1628, ikaenda kama kilomita moja na kitu, upepo ukailaza, ikazama watu wanatazama. Mwaka 1961 wakaiopoa, sasa ina makumbusho yake. Mjomba aliizunguka kuanzia omo hadi tezi, mikono nyuma, kisha akatoa hukumu: "Mizinga mingi juu, farumi haitoshi chini." Farumi ni ule uzito unaowekwa chini ya chombo kisipinduke. Na ndivyo wataalamu wanavyosema! Nikamweleza kwamba uchunguzi ulifanyika na hakuna aliyeadhibiwa.

"Na wajukuu zao ndio watakaotupakia kesho?"

Alipanda, lakini alikaa karibu na maboya.

Tukaipita Vaxholm na ngome yake, tukashuka kwenye kisiwa kidogo: misonobari, nyumba nyekundu, bata na vifaranga vyao. Jambo la kwanza Mjomba aliteka maji kwa kiganja akayaonja. "Bahari hii wamesahau chumvi." Kweli, Baltiki ya huku ina chumvi kidogo mno ukilinganisha na yetu. Kisha akachomeka kijiti kwenye ufa wa mwamba apime maji yanavyokupwa. Tukala visheti, tukanywa chai, kijiti kiko pale pale. Nikamwambia hapa hakuna kupwa wala kujaa kwa kuonekana. Kinachopanda ni nchi yenyewe, milimita nne au tano kwa mwaka, tangu ule uzito wa barafu ya kale ulipoyeyuka.

"Maji yametulia, nchi ndiyo inapanda?" Akavuta uradi. Nadhani pale ndipo alipoamua kwamba chochote nitakachosema siku ile ni uzushi.

Sasa, kwenye gati hizi ndogo boti haisimami mpaka uiite. Kuna kibao cha duara kwenye mlingoti; unakitweka, nahodha anakiona kwa mbali, anakata kona kuja kukuchukua. Nikakitweka, nikamweleza Mjomba, nikaenda msalani, kijumba cha mbao huko msituni.

Nikiwa narudi naiona boti inakuja, mwendo ule ule, pua imeelekea Stockholm. Kibao kiko chini.

"Nimekitua," akasema Mjomba. "Kinapigwa na upepo bure, na aliyekitweka hayupo. Mimi nimeziita meli kwa mkono miaka yote."

Akavua kofia, akapunga. Boti nzima ikampungia. Kuna mtoto alipunga kwa mikono miwili. Mpaka honi tulipigiwa. Ikapita.

"Wana adabu," Mjomba akasema, akiisindikiza kwa macho, "lakini uanamaji hawana."

Ilikuwa ya mwisho siku ile. Sheria ya huku inakuruhusu kupiga hema usiku mmoja kwenye ardhi ya mtu, ila sisi tulikuwa na chupa ya chai tupu, na mbu walishaanza kujuana nasi. Akatuokoa mkaazi mmoja mwenye kiboti cha injini. Mjomba akaketi tezi, akamwongoza kwa Kiswahili njia nzima: lega, shika, tazama mwamba huo. Yule bwana aliitikia kwa kichwa na kwenda alikokuwa anakwenda.

Vaxholm ina madaraja mpaka bara, na basi namba 670 linakuleta mjini. Mjomba alisimama kituoni akilitazama basi lile linavyofunguka milango.

"Kumbe kuna barabara."

Hakunisemesha tena mpaka simu ya mkewe ilipoingia kutoka Pemba. Nikamsikia: "Safari njema, alhamdulillahi. Kuna boti moja ilikuja, lakini sikuipenda ilivyokaa majini. Nikaipungia ipite."