Kurasa Nne, Hukumu Mia

Baridi ya Juni hapa Mbeya hutukusanya mapema kwenye kijiwe cha kahawa pale Mwanjelwa, na ni hapo hapo ninapokerwa na wapenzi wenzangu wa katuni za mashujaa wa Marekani. Mchapishaji akitoa kionjo cha kurasa nne au tano za toleo lijalo, ambalo kwa kawaida huwa na kurasa zipatazo 20 za hadithi, wao huzipitisha kwenye simu kutoka mkono hadi mkono, na kabla kahawa haijapoa wameshatangaza kwamba mwandishi ameishiwa, mchoraji hajui kuchora vidole, na shujaa wao amedhalilishwa. Ameanguka ukurasa wa tatu, basi amekufa! Wamesahau kwamba Superman aliuawa mwaka 1992, akazikwa kwa maombolezo makubwa, na mwaka 1993 akarudi akiwa na nywele ndefu kuliko alizozikwa nazo. Kionjo hukatwa makusudi mahali penye wasiwasi ili mtu anunue toleo zima, kama muuza parachichi wa Tukuyu anavyokupasulia moja. Ni nani aliyewahi kuonja kipande akaapa kwamba gunia lote limeoza?

Linaloniudhi zaidi ni kwamba toleo lenyewe likitoka hakuna anayelisoma, kwa kuwa tayari wanabishania kionjo cha mwezi unaofuata. Juzi nilipouliza kwa upole ni nani aliyemaliza toleo lililopita, niliambiwa ninyamaze, nisiwaharibie uhondo.