Kichuguu ni nyumba au ni mnyama?

Ukitoka Lubumbashi kuelekea mashambani, vichuguu vinakupokea kabla ya mahindi. Vikubwa vinafikia mita 8 kwenda juu, miti imeota mgongoni mwake, na ubavuni vijana wanachimba udongo wa matofali ya kuchoma. Mvua za kwanza zikinyesha, watoto hukaa chini ya taa na beseni la maji wakingoja kumbikumbi. Nani alichora ramani ya jengo lile? Wanabiolojia wanabishana hadi leo.

Jibu linalonivutia zaidi ni la Mfaransa Pierre-Paul Grassé, la mwaka 1959. Kwake, fundi mkuu hayupo. Malkia kazi yake ni kutaga mayai, hamwamuru yeyote. Mchwa akikuta donge la udongo lililoachwa na mwenzake, donge lenyewe linamwita aongeze la kwake. Kazi iliyokwisha kufanywa ndiyo inayoagiza inayofuata. Mwaka 1977 Jean-Louis Deneubourg, akifuata nyayo za mwanakemia Ilya Prigogine huko Brussels, aliiweka hoja hiyo katika hesabu. Harufu ya udongo mbichi inavuta wajenzi, wajenzi wanaongeza udongo, harufu inazidi, na nguzo zinainuka mahali palipokuwa patupu.

Hoja ya namna hii ina ujasiri, maana inaweza kukutwa na kosa. Na imekutwa: majaribio ya miaka ya karibuni yanaelekea kuonyesha kwamba unyevu na mkunjo wa uso wa udongo vinawaongoza wajenzi, pengine kuliko harufu. Harufu ikapungua uzito, lakini wazo la donge linaloita donge bado limesimama.

Upande wa pili yuko Karl Friston, mtaalamu wa ubongo wa London, ambaye hataki kuishia kwa mchwa. Katika nadharia yake ya nishati huru, seli, kiungo, mtu na kundi zima vyote vinafuata kanuni moja. Kila kimoja kimejifunika mpaka, unaoitwa blanketi la Markov. Ndani ya mpaka kinabashiri yatakayotokea nje, kisha kinatenda ili kisipatwe na mshangao. Blanketi ndani ya blanketi, kuanzia seli kwenda juu. Ukitoboa kichuguu, kundi linashangazwa na hewa kavu, linaziba.

Inapendeza. Lakini Friston mwenyewe amekubali kwamba kanuni yake ni ya kihesabu, si dhana ya kupelekwa kwenye majaribio ikaonekana kweli au uongo. Basi nikiambiwa mchwa wameziba tundu ili kupunguza mshangao, nimejifunza nini? Ni kama fundi anayekuambia pikipiki haiwaki kwa sababu imekataa kuwaka.

Hata hivyo sithubutu kumfukuza Friston mlangoni. Mwaka 2015 watafiti walichapisha vipimo vya kaboni, vinavyoonyesha umri, vya vichuguu vya mchwa aina ya Macrotermes falciger katika miombo ya Katanga hii hii, na kiini cha kimoja kilizidi miaka 2,000. Mchwa mfanyakazi hafikii hata sehemu ndogo ya umri huo, wala malkia. Tena hawaishi peke yao: ndani wanalima kuvu ya Termitomyces, ambayo uyoga wake tunaununua kando ya barabara wakati wa mvua, na mmoja bila mwenzake anakufa. Sasa kinachodumu ni kipi? Wadudu, kuvu, au udongo? Swali la mpaka, yaani wapi kiumbe kinaishia, Friston analiuliza waziwazi. Grassé, aliyekaa karibu na taya za mchwa, hakulazimika kuliuliza.

Mimi bado nabaki na Grassé, ila namsogeza mbele kidogo. Huenda kichuguu kilichohamwa ni donge kubwa kuliko yote, na ndicho kinachomwita malkia mpya kama udongo mbichi unavyomwita mjenzi. Kama ni hivyo, makundi machanga yatapatikana zaidi kwenye vilima vya zamani kuliko kwenye ardhi tambarare ya ukubwa ule ule. Hilo linahesabika: daftari, kamba ya kupimia, na miguu ya kutembea miomboni kabla vijana wa matofali hawajafika. Blanketi la Markov halimtumi mtu kwenda kuhesabu chochote.